Salfa Katika Maziwa Yangu

Kama nyumbani kwako kuna mwanamke aliyetoka kujifungua, na ukimpelekea uji anaunusa kabla ya kuupokea, usicheke. Usimwambie anadeka. Kaa chini usome haya, halafu nenda ukamwangalie tena.

Mimi ni bibi wa Nkowe, wilaya ya Ruangwa. Shule sikwenda sana. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, tukikalia magunia ndani ya ghala la ushirika. Nesi wa kliniki yetu aliniomba nisimame mbele ya kina mama wajawazito niwaeleze yaliyonipata. Nilikataa. Ukisimama mbele ya wanawake wa kijiji kimoja ukasema jambo lako, kesho yake kila nyumba ina hadithi, na hakuna hata moja iliyo ya kwako. Nikasema nitaandika. Na nimeandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie, maana sijui angeongeza nini.

Tuelewane mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Nikinunua mafuta ya taa nainusa chupa kwanza. Sokoni jicho langu liko kwenye mkono wa muuzaji, si kwenye mdomo wake. Mganga, shehe, daktari, mwomba kura, wote nawasikiliza nimekunja mikono. Nasema hivi usije ukadhani ugonjwa huu huwapata watu walaini wanaolialia. Ulinipata mimi. Uliingilia mlango ninaoujua, mlango wa shaka, ndiyo maana sikuuona ukipita.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati. Nilikuwa nimeshazaa wanne, wote salama. Zainabu, wa kwanza, alikuwa ameshakuwa msichana wa kupika na kuteka maji. Wa tano, Somoe, alizaliwa majira ya salfa.

Asiyekaa huku kwetu nimweleze. Mvua zikiisha na baridi ikiingia, mikorosho huchanua, na ikichanua hushikwa na ukungu mweupe unaokausha maua. Dawa yake ni unga wa njano, ndiyo hiyo salfa. Wanaume hutoka alfajiri umande ukiwa bado mbichi kwenye majani, wamebeba mgongoni mashine inayonguruma, wanapuliza mti hadi mti. Jua likipanda wanarudi, nyusi za njano, macho mekundu kama wametoka msibani. Harufu inakaa kwenye mashati, kwenye manyoya ya kuku, kwenye maji ya mtungi. Miezi ile yote tunaishi ndani yake na hakuna anayeuliza.

Mume wangu, Baba Zainabu, jina lake Bakari. Si mtu wa Nkowe. Kwao ni Naipingo, upande wa Nachingwea. Alinioa akahamia kwetu, kama desturi yetu ilivyo: mwanaume anafuata kwa mke, anajenga uwanjani kwa wakwe, analima mashamba ya kule. Kwa hiyo pamoja na watoto wote tuliozaa, bado ni mgeni. Jambo likiharibika, macho huanzia kwake. Shika hilo.

Nilijifungua vizuri. Mkunga alinisifu. Lakini usingizi haukuja. Mtoto analala, mimi macho makavu. Mwili ukawa mwepesi kama ganda la korosho lililotolewa kiini. Masikio yakawa makali. Mdogo wangu Halima, ambaye nyumba yake imepakana na yangu, akipepeta mtama nasikia kana kwamba anapepetea ndani ya kichwa changu. Niliwaambia nimechoka tu. Wote wakakubali, maana mzazi kuchoka ni kawaida.

Kisha nikakamua ziwa kabla ya kumpa mtoto, kama nilivyozoea, na tone likatoka la njano.

Maziwa ya kwanza huwa ya njano. Nayajua. Nilikuwa nimeyaona kwa wanne waliotangulia na hayakunishughulisha. Siku ile nilitazama lile tone kidoleni, nikatazama shati la Baba Zainabu lililotundikwa nyuma ya mlango, njano ile ile. Nikasema moyoni: imeshaingia.

Nikamtoa Somoe kifuani. Akalia. Zainabu akaja mbio kutoka jikoni.

"Mama, mtoto analia."

"Namsikia."

"Si umnyonyeshe?"

"Nimpe sumu?"

Yule msichana alisimama na mwiko mkononi. Sura ile aliyoniangalia nayo siku hiyo sijaisahau, na kuna sababu nitaifikia.

Alikwenda kumwita Halima. Halima naye alikuwa na wake wa kunyonya, aliyekuwa anaanza kusimama dede. Alikuja na kanga imefungwa haraka haraka.

"Nipe huyo mtoto, dada."

"Umekula nini leo?"

"Ugali na kisamvu."

"Umepikiwa na nani?"

"Nimepika mwenyewe! Kwani una nini wewe?"

"Kanawe ziwa."

Alinawa. Nikamnusa shingoni na kifuani kama mbwa anavyonusa mgeni, mdogo wangu wa tumbo moja. Nikampa mtoto. Nikakaa mlangoni nikimtazama Somoe anavyomeza.

Hapo ndipo hatari yenyewe ilipokuwa, na ninakuomba uione. Somoe aliishi kwa ruhusa yangu. Siku nyingine nilitoa ruhusa, siku nyingine nilimshuku Halima nikambana mtoto mikononi, na hakuna aliyeweza kumchukua bila vita. Siku hizo Zainabu alimtilia matone ya maji ya uji mdomoni nilipokwenda chooni. Mtoto alianza kulegea shingo. Uso wake ukawa wa kizee.

Mimi mwenyewe sikula. Kwetu mtu akikuletea pombe, au hata maji, anaanza yeye kupiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Ni adabu tu, kukuonyesha hakuna kitu ndani. Funda moja, na maongezi yanaendelea. Mimi nikaigeuza ikawa sheria ya kila kilichoingia chumbani. Na niliyemtaka aonje ni Baba Zainabu, maana salfa ilikuwa yake.

"Onja."

"Nimeonja."

"Onja upande huu."

"Mama Zainabu, uji ni mmoja."

"Onja upande huu, halafu koroga, onja wa chini."

Alikoroga, akaonja. Nilimtazama koo likishuka. Nikangoja aanguke. Hakuanguka. Nikangoja zaidi. Mpaka nakubali, uji ulikuwa umeganda utando juu, nikausukuma: "Umepoa." Akaenda kuupasha moto, akarudi, tukaanza upya. Mwanaume anayebeba bakuli kutoka jikoni hadi chumba cha mzazi, na kurudi, na kwenda tena, mbele ya majirani wote.

Vijana wa kwenye mashine ya kusaga wakampa jina. "Bwana Onja! Leo chumvi imekolea?"

"Imekolea kuliko ya mama yako," akawajibu, akapita na baiskeli yake. Si mtu wa maneno mengi. Hilo nililisikia kwa Halima baadaye, tulipokuwa tumeanza kucheka tena.

Sasa sikiliza, wewe mwenye mgonjwa ndani. Watu huniuliza, bibi, wewe mwenyewe unashuku kila kitu mpaka leo, tutajuaje shaka ipi ni ya ugonjwa? Nawajibu hivi. Mzima ananusa uji, hasikii kitu, anakunywa. Mimi nilinusa, sikusikia kitu, nikasema: wameificha vizuri. Nilimwona mume wangu ameonja na hakuanguka, nikasema: amekunywa kinga kwanza. Ukiona mtu kila ushahidi wa kumtuliza anaugeuza kuwa ushahidi wa kumtisha, usibishane naye. Huyo anaumwa.

Habari zilimfikia Mjomba Mfaume huko Mandawa. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Baba anazaa, mjomba anaamua. Alikuja akaketi kwenye kigoda uwanjani, fimbo katikati ya magoti, akatukusanya.

"Huyu amezaa wanne, hana kitu. Wa tano anachanganyikiwa. Kilichobadilika ni nini?"

Macho yote kwa Bakari, ambaye alikuwa amekaa pembeni kama mkwe anavyotakiwa kukaa, nyusi bado zina salfa.

"Mkwe, una neno?"

"Sina, Mjomba. Ninachotaka ni apelekwe hospitali."

"Hospitali wanapima homa. Hii si homa."

Mimi nilikuwa nasikiliza kutoka mlangoni. Na nitasema kweli: nilifurahi. Nilijisemea, afadhali, kuna mwingine anayeona. Hilo ndilo baya kuliko yote katika ugonjwa huu. Shaka yangu ilikuwa ya kuumwa, ya Mjomba ilikuwa ya kawaida ya watu wa mji mmoja kwa mgeni, lakini zilipokutana zilifanana kama mapacha, kila moja ikaipa nguvu nyingine.

Mjomba akaleta mganga. Mtu mwenye koti zito na mfuko wa ngozi. Alisema mengi ambayo sitayaandika. Mwishowe akatoa chupa yenye maji ya kahawia, akamimina kwenye kikombe cha bati, akaninyooshea.

"Onja," nikamwambia.

Akakisogeza kikombe karibu zaidi na mdomo wangu.

"Dawa hii haionjwi na asiyeumwa."

"Basi siinywi."

"Mama, mimi ndiye mganga."

"Na mimi ndiye mwenye mdomo."

Halima aliziba uso kwa kanga. Mjomba akasema, kwa sauti ya kuchoka, "Onja basi, bwana, tumalize shughuli." Mganga akatazama kikombe. Akatazama njia. Akasema kazi yake imeingiwa na dharau, akafunga mfuko wake. Wazimu wangu ulinisaidia siku hiyo moja tu, na sijui mpaka leo kikombeni mlikuwa na nini.

Mjomba alikaa muda mrefu akichora mchangani kwa fimbo. Kisha akasema, "Haya, mpelekeni huko kwenye homa. Lakini nitakuja tena wakati wa kuokota korosho. Nikimkuta hivi hivi, mkwe utarudi kwenu Naipingo, na mtoto huyu atakuwa wa Halima. Sitazika mtoto kwa sababu ya kuoneana haya."

Hata leo simlaumu. Somoe alikuwa amebaki macho tu.

Baba Zainabu alinipakia kwenye baiskeli hadi Ruangwa mjini, na pale tukapata lori linaloelekea Nachingwea. Halima alipanda nasi, wa kwake mgongoni, wangu kifuani. Njia nzima nilishika pindo la kanga yake asije akashuka naye.

Hospitali, benchi. Mwenye kuugua haugulii kitandani tu, anaugulia benchini. Lilikuwa benchi refu la mbao lililong'aa kwa makalio ya watu, ukuta umepakwa rangi ya kijani hadi begani, sakafu inanuka dawa ya kusafishia. Kila jina likiitwa, watu wote wanasogea, na nilikataa kusogea, maana niliona ndivyo wanavyotusogeza kwenye jambo. Mama mmoja mwenye mtoto wa kukohoa akaniuliza, kwa wema tu, "Wewe dada unaumwa nini?"

"Unauliza ili iweje?"

Alihama upande wa pili. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyomaliza watu waliokuzunguka.

Tabibu aliuliza maswali, nikamjibu kwa maswali. Alizungumza zaidi na Halima na Baba Zainabu. Tulipotoka tukapewa vidonge vidogo vyeupe kwenye bahasha, cha kwanza nikimeze pale pale. Nikamgeukia mume wangu.

"Onja."

Kidonge utakionjaje? Alikitazama, akanitazama, akakimeza. Chote. Mimi nikakaa kumwangalia.

Haikuchukua muda. Kichwa kikaanza kuinama, akajinyoosha, kikainama tena, halafu akalala pale benchini, mdomo wazi, anakoroma kuliko mashine yake ya salfa. Mimi nikainuka kwa ushindi. "Mmeona? Mmeona sasa?"

Nesi akaja. Mwanamke mnene, miwani imefungwa uzi nyuma ya shingo.

"Huyu ndiye mgonjwa?"

"Hapana," Halima akasema, "mgonjwa ni yule aliyesimama."

"Sasa huyu kafanya nini?"

"Ameonja."

"Ameonja!" Akavua miwani. "Dawa za watu hazionjwi, jamani! Hii inaleta usingizi, na yeye usingizi anao wa kwake. Mnataka niwe na wagonjwa wawili?" Akamfunua macho Bakari, akampima mapigo mkononi, akaguna. Kisha akanigeukia. Nilidhani ataniita kichaa, kama wengine. Hakuniita. Alinitazama kama mtu anayetafuta funguo za mlango alioukuta umefungwa.

"Mama, unaogopa wamekutilia kitu."

"Siogopi. Najua."

"Haya." Akaingia ndani, akatoka na kopo zima la vidonge na kisahani. Akavimwaga mbele yangu, lundo. "Hivi wanakunywa wote wodini humu. Sikupi mimi. Chagua mwenyewe."

Nilifikiri sana. Kama wamenitegea, wametega kile watakachonipa kwa mkono wao. Hawawezi kujua mkono wangu utakwenda wapi. Nikachimba kwa kidole, nikatoa kimoja cha chini kabisa. Nikakimeza.

Huyo nesi hakunionyesha kwamba shaka yangu ni ya kipumbavu. Aliipa shaka yangu kazi ya kufanya. Nikalazwa, na kila asubuhi wodini alinimwagia kisahani nikachagua, na hakuwahi kunicheka. Baba Zainabu aliamka jioni ile akiuliza kama korosho zimeshaokotwa.

Sitakudanganya kuhusu dawa. Ulimi ulikuwa mzito kama kipande cha ngozi. Mate yalikauka, mikono ikatetemeka hata kikombe kiligonga meno. Nilinenepa usoni bila kushiba. Lakini nililala. Mara ya kwanza nilipolala kweli, niliamka nikakuta jua limehamia ukuta mwingine, na sikujua limepita vipi. Nililia kwa sababu hiyo tu, kwamba kuna wakati ulipita na mimi sikuulinda.

Maziwa yalikauka. Hayakurudi. Wengine watakuambia kila kitu kilirudi. Mimi nakuambia hiki hakikurudi.

Halima alikaa kule kwenye banda la wasindikizaji, akipika kwenye mafiga, akinyonyesha wawili. Somoe alijaa, shingo ikakaza. Siku moja aliletwa nimpakate. Alinitazama kidogo, kisha akageuza uso kumtafuta Halima. Iliuma. Iliuma hapa, chini ya mbavu. Na nikagundua kwamba tangu nijifungue nilikuwa sijahisi kitu kingine chochote isipokuwa hofu. Nilimwambia nesi. Akasema, "Vizuri. Endelea kuumia." Nilimchukia kwa neno hilo wiki nzima, halafu nikamwelewa.

Tuliporudi Nkowe salfa ilikuwa imekwisha, mabibo mekundu yanaanza kudondoka. Vidonge niliendelea navyo, na safari za kwenda benchini Nachingwea ziliendelea. Uji nilikunywa, ila jicho bado lilikuwa kwa anayeuleta. Baba Zainabu aliendelea kuonja bila kuambiwa. Anaingia, anapiga funda, ananipa, anatoka. Hakuwahi kuguna. Hakuwahi pia kusema neno la huruma, na kwa hilo namshukuru, maana huruma ningeishuku.

Mjomba akaja kama alivyosema, tukiwa tunaokota korosho. Akaketi kwenye kigoda kile kile. Alikaa kutazama, na uwanja mzima ukatembea polepole kama watu waliobeba maji vichwani. Bakari alikuwa akitenganisha korosho na mabibo, hainui kichwa. Niliona begi lake la safari limetolewa chini ya kitanda. Sikuuliza nani amelitoa.

Zainabu akaleta uji wa Somoe, mwembamba, wa mtama. Tulikuwa tumeshaanza kumzoesha. Nikampakata mtoto, nikachukua kijiko, nikagusa kwa midomo, nikangoja kidogo, nikapuliza. Nikagusa tena.

"Una nini?" Mjomba akauliza.

"Nini kina nini?"

"Huo uji. Umeonja."

Kila mtu alisimama. Halima alishika ukuta. Na mimi ndipo nilipojiona ninachofanya. Nilitafuta ndani ya kichwa changu ile harufu, ile sauti ya kusema wameficha. Nikatafuta kweli, kama mtu anayepekua mfuko. Nikakuta hakuna kitu isipokuwa ulimi unaowaka kidogo.

"Wa moto," nikasema. "Nasubiri upoe."

Nikampa. Akala, nusu ikamwagikia kidevuni.

Mjomba akainuka, akajikung'uta kanzu. Akamwambia Bakari, "Mkwe, nionyeshe korosho zako mwaka huu zimekuwaje." Wakaondoka pamoja kuelekea shambani. Zainabu akalirudisha begi chini ya kitanda.

Sikupona siku hiyo. Usiende kunisimulia hivyo. Salfa ya mwaka uliofuata, alfajiri ya kwanza mashine ziliponguruma, mwili wote ulitetemeka, nikarudi benchini bila kusubiri kupelekwa. Na mwingine uliofuata nilitetemeka kidogo. Baadaye ikawa harufu tu. Watu kadhaa bado wananiita yule aliyepata kichaa cha uzazi. Ni kweli nilikipata. Siombi radhi kwa kuumwa, kama ambavyo aliyeumwa malaria haombi radhi.

Sasa ile sura ya Zainabu na mwiko wake.

Miaka ilipita. Zainabu akaolewa, mume wake akahamia kwetu kama desturi ilivyo, akajenga nyuma ya mkorosho mkubwa. Mtoto wa kwanza alimzaa bila shida. Wa pili alikuja katikati ya masika, tope hadi kwenye vifundo. Nilikuwa namtazama tangu siku ya kwanza, simwambii. Ananiona naye, haniambii. Tulikuwa watu wawili tunaochunguzana juu ya kichwa cha kichanga.

Nikampelekea uji. Akaupokea, akaunusa.

"Mama," akasema taratibu, "mbona una salfa?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mashine zote zilikuwa zimefungwa magunia stoo, na hakuna salfa mpya hata chembe kijiji kizima. Nikakaa chini sakafuni. Nilitaka sana kumwambia hakuna, acha, unawaza yangu. Ulimi nikauzuia.

"Mimi siisikii," nikamwambia. "Lakini naamini wewe unaisikia. Kesho tunakwenda Nachingwea."

Akaanza kulia bila sauti. Alijua. Alikuwa na umri wa kujua ule wakati wangu, na alikuwa ameishi miaka yote akiusubiri.

"Utaniacha kule?"

"Nitakaa benchini."

"Na mtoto wangu?"

"Mtoto wako ni wako. Hakuna kikao."

Akatazama bakuli. "Nani ataonja?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka barazani, ya mzee aliyejikunja kukwepa mvua. "Lete hilo bakuli hapa. Kazi hiyo ina mwenyewe."

Akaingia, maji yanamtiririka, akakaa mkekani. Akapiga funda. Akakoroga bila kuambiwa, akapiga la chini. Akamkabidhi binti yake, akatulia pale hadi alipomaliza nusu.

Tuliwahi, hiyo ndiyo tofauti. Nesi yule alishastaafu, lakini nilimwomba yule kijana aliyekuwa kwenye dirisha la dawa ammwagie Zainabu vidonge kwenye kisahani achague. Akanishangaa. Nikamwambia afanye kwanza, ashangae baadaye. Akafanya. Daktari akampa dawa ambayo alisema anaweza kuendelea kunyonyesha nayo, na maziwa yake hayakukauka. Alibaki mgonjwa hadi mvua zilipokwisha, kuna siku njema, kuna siku aliifunga milango yote na mchana kweupe. Baba yake aliacha kwenda shambani asubuhi. Alingoja uji kwanza. Vijana wa mashine ya kusaga wa zamani sasa ni baba za watu. Mmoja alipita akamkuta na bakuli mkononi, akasalimia shikamoo, akapita kimya.

Kama una mgonjwa wa namna hii, mpeleke mapema, hata kama anakutukana njia nzima. Mlinde mtoto bila kumnyang'anya. Usimlete mtu wa kutafuta mchawi, maana atampata, na atakuwa ni yule yule anayekusaidia. Na kama anataka uonje, onja. Hutapungukiwa kitu. Kidonge usionje.

Mvua zilikuwa zimekwisha, ufuta umeshakatwa na kusimamishwa kukauka. Zainabu alikuwa uwanjani, mtoto yuko ziwani, bakuli la uji juu ya kinu kilicholazwa. Baba yake akatoka kunawa, akachuchumaa kando yake kama kila siku, akanyoosha mkono.

Zainabu akalivuta bakuli upande wake.

"Wewe baba, leo huonji. Unanimalizia."

Mkono wa mzee ukabaki hewani. "Hata funda moja?"

"Hata moja."

Akanigeukia mimi, kama mtu aliyefukuzwa kazi. Nilikuwa nageuza ufuta, sikuinua uso, maana sikutaka wauone ulivyo.

"Sufuriani umebaki," nikamwambia. "Nenda kapakue wako."